Dawa ya Khalti

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi. Sie wazima, joto tu latumaliza. Najua nimekunyamazia tangu Idi, utanisuta tukionana. Leo shida ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nimemuudhi Khalti. Unaijua ile chupa yake ya mkilifi, huo mwarobaini, anayokunywa kila alfajiri? Nilichuma majani ya mti ule ule wa uani, nikayakausha kivulini, nikayaloweka kwa alkoholi huko maabara, nikachuja. Kisha nikayajaribu kwa uduvi wa Artemia, wale wadogo kama vumbi, mayai yao huanguliwa kwenye maji ya chumvi kwa siku moja au mbili. Kumi kila kichupa. Kesho yake nimeinamia karatasi nyeusi na tochi, nahesabu anayetikisika: hakuna hata mmoja! Sisi huhesabu hivi: dawa ikiua nusu yao chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita, ina sumu. Yangu iliwamaliza wote kwa 100.

Na mdomo wangu unaujua. Nilifika nyumbani, wageni wako kwenye mbaazi na mahamri, nikasema, "Khalti, wanywa sumu." Mama Fatuma alikiweka chini kikombe cha chai, sijui alidhani nacho kimetiwa nini.

Juzi ndipo nilipokwenda kuvitazama vile vichupa visivyotiwa dawa. Maji matupu. Wamekufa vilevile! Maji niliyachota Likoni karibu na feri, yana utando wa mafuta juu, nami nikayachuja kwa kitambaa nikajiona mjanja. Jaribio zima bure. Na hata lingefaulu, Khalti huchemsha kwa maji, mie nimetumia alkoholi. Vinavyotoka humo si vile vile. Tena uduvi si mtu.

Lakini kumwomba radhi nusu nusu sijui nitafanyaje, maana wasiwasi haujanitoka. Anameza vidonge vya sukari, na mkilifi nao watajwa kushusha sukari. Wiki jana alitetemeka jikoni hadi akakaa chini, akasema ni njaa. Hilo halikuhitaji uduvi, na mie ndilo sikulisema.

Rukia, waweza kuninunulia huko Nairobi chumvi ya bahari ya kufugia samaki, kilo moja tu? Lini waja? Utanisemea kwa Khalti, wewe anakusikiliza? Na aende na chupa yake kwa daktari, nani atamwambia? Hafidh amekulipa?

Wako,
Mwanasha