Kompyuta za zamani zisiishie zote kwenye chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie wakuu wa vyuo, parokia, hospitali na ofisi za hapa Mwanza ombi moja: kabla ya kuwauzia wanunuzi wa chuma chakavu kompyuta zao mbovu, watenge angalau moja ya kila aina, pamoja na kibodi yake, disketi zake na vitabu vyake vya maelekezo. Stoo zinaposafishwa ili kupisha vifaa vipya, mashine za miaka ya 1990 hupakiwa kwenye mkokoteni, zikapasuliwa kwa nyundo ili itolewe shaba na alumini, na masalia huchomwa moto au kutupwa korongoni, ambako mvua za masika huyasukuma kuelekea ziwani. Sina ugomvi na urejelezaji, na nafurahi kwamba tangu mwaka 2021 nchi yetu ina kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Lakini mashine ikishapasuliwa hakuna kanuni itakayoirudisha.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya kompyuta za nyumbani hutafuta zaidi Apple II, Commodore PET na TRS-80 za mwaka 1977, au ZX Spectrum na Commodore 64 za mwaka 1982. Kwetu mashine hizo ni adimu, na sababu yake haikuwa umaskini peke yake. Kompyuta ilifika Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye sana. Isitoshe, Spectrum na Commodore 64 zilitengenezwa zichomekwe kwenye televisheni ya sebuleni, ilhali Tanzania Bara haikuwa na matangazo ya televisheni hadi mwaka 1994. Hata mtu ambaye angepenyeza moja bandarini angeichomeka wapi?

Kwa hiyo mkusanyaji wa Mwanza anayehangaikia Spectrum peke yake anatunza historia ya watu wengine. (Ninayo moja, niliyoachiwa na familia ya wamisionari iliyokuwa ikirejea kwao, na sitaiuza.) Historia yetu sisi imo ndani ya zile kompyuta za ofisini za 386, 486 na Pentium za mwanzo (zinazoitwa kwa jina la prosesa yake, yaani chipu inayotekeleza amri), nyingi zikiwa za mtumba, baadhi zikiwa bado na kibandiko cha ofisi ya ng'ambo ubavuni na kibodi ya Kijerumani ambayo herufi Y na Z zimebadilishana nafasi. Kwa mashine hizo makatibu muhtasi waliagana na taipureta, na barua pepe za kwanza zikatoka katika mji huu. Disketi zilizobaki nazo zina barua, orodha za wanafunzi na mahesabu ya vyama vya ushirika, na kwa unyevu wa hapa ziwani zinaota ukungu kila mwaka unaopita.

Muda hautusubiri. Fungua 486 yoyote iliyokaa stoo na utakuta kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya saketi, kipipa kidogo cha betri, mara nyingi cha rangi ya buluu, kilichokwisha kuvuja na kuacha ukoko wa kijani juu ya njia za shaba. Uvujaji huo ni wa alkali, hivyo huoshwa kwa siki kidogo na mswaki mkuukuu, kisha kwa spiriti. Ukiachwa, unakula shaba hadi mashine haiwaki tena. Ndani ya pawa saplai nimekuta hata vijidudu vya ziwani, vile vinavyopaa kama moshi juu ya maji, vimekaukia kwenye feni kwa maelfu.

Kwa mwanafunzi faida ni kubwa kuliko anavyodhani. Spectrum yenye kilobaiti 48 za kumbukumbu haiwezi kubeba hata picha moja ya simu ya leo, na programu yake husomwa kutoka kwenye kaseti kwa dakika kama tano huku ikipiga kelele, lakini ukiiwasha tu inakusubiri uandike amri za BASIC, lugha rahisi ya kuandikia programu, na kijana mwenye bidii anaweza kuielewa yote, kutoka prosesa hadi kibodi. Simu yake haitamruhusu hivyo. Na simu hiyo yenyewe ina ukoo humo humo: kampuni ya Acorn ya Cambridge, iliyotengeneza BBC Micro mwaka 1981 kwa ajili ya kufundishia, ndiyo iliyobuni prosesa ya ARM iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na vizazi vya prosesa hiyo vimo katika karibu kila simu inayouzwa leo Makoroboi.

Mkoa huu si mgeni katika kuhifadhi. Pale Bujora, Kisesa, yalipo makumbusho ya Wasukuma, Padri David Clement na Wasukuma wenzake wa kazi walikusanya ngoma na vifaa vya watemi wakati wengi waliviona vikuukuu visivyo na thamani. Kompyuta zinahitaji kidogo kuliko hapo: chumba kimoja kikavu katika chuo chochote, rafu, daftari la kuandika kila mashine ilitoka wapi na ilifanya kazi gani, na fundi mmoja mwenye subira. Nakiomba chuo kitakachokuwa tayari kijitokeze kupitia safu hii, nami nitakabidhi nilizonazo, hiyo Spectrum ikiwemo.

Wenye skrini za chogo nawasihi wasizifungue wenyewe wala kuwaachia watoto wazivunje, kwa sababu hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi. Zitoeni zikiwa nzima.

Msomaji wenu,
Pasiansi, Mwanza