Kaka, pembe zile ulizileta wewe

Kaka,

Jumapili jioni umenitumia picha mbili za jani la mzabibu. Jani lile lile, juu na chini. Hata salamu, hata mbukwa, hakuna. Mwaka na miezi saba simu yako kimya, halafu jani.

Nilikuwa nimetoka kupogoa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikalikuza kwa kidole gumba mpaka likajaa kioo. Juu lina madoa ya njano kama limedondokewa mafuta ya kupikia. Chini, pale pale penye madoa, lina weupe kama manyoya ya kifaranga. Huo ni ubwiri vinyoya, si ubwiri unga. Salfa haiutibu, na najua umeshapiga salfa, maana wewe salfa ndiyo dawa yako ya kila kitu. Unataka mrututu, ile chumvi ya shaba, na chokaa, tena kabla mvua haijalowesha jani, si baada. Punguza majani ya chini upepo upite. Na kama vichala vimeshaanza kulainika, acha, umechelewa, subiri uvune, anza upya msimu wa pili.

Basi, jibu ndilo hilo. Lingetosha kwenye simu. Ninaliandika hapa mbele za watu kwa sababu na wewe ulichagua mbele za watu.

Shangazi ameniambia unasema hujawahi kuniita mchawi. "Nilimwambia aeleze tu." Ni kweli. Neno lenyewe hukulitamka hata mara moja, na ndiyo maana nimeshindwa kulisamehe, kwa sababu halipo.

Kwa wanaosoma na hawatujui: mimi nimeolewa Vouvray, Ufaransa, kando ya mto Loire, kwenye familia inayolima zabibu nyeupe za aina moja tu, Chenin. Ile ile ya mistari minne ya Baba kule Dodoma, naam. Huku inatoa mvinyo mkavu, au wenye utamu kidogo, au mtamu kabisa, kutegemea mwaka ulivyokuwa na kutegemea subira ya mzee. Kazi ni ya watu wanne, yaani baba mkwe, mama mkwe, mume wangu na mimi. Mbolea ya chumvichumvi hawagusi, wala dawa za kuingia ndani ya mmea. Wanafuata mafundisho ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa ambaye hakuwa mkulima, aliyetoa mihadhara minane kwa wakulima mwezi Juni 1924 na kufariki mwaka uliofuata. Humo ndimo zilimo pembe.

Oktoba yangu ya kwanza nilimkuta baba mkwe amekaa kwenye kigoda, kijiko mkononi, anajaza samadi kwenye pembe za ng'ombe, moja baada ya nyingine, ametulia kama mtu anayepakia vitumbua. Kisha akazifukia. Zinakaa ardhini miezi yote ya baridi. Zikichimbuliwa, samadi imegeuka mboji laini, haina harufu. Gramu mia moja hivi zinatosha hekta nzima. Unaikoroga kwenye maji ya vuguvugu saa nzima, upande huu mpaka maji yafanye shimo katikati, halafu ghafla upande wa pili, kisha unanyunyizia ardhi jioni. Usiku ule ule nilikupigia nimejifungia chooni, nanong'ona: kaka, nimeolewa kwa waganga. Ulicheka mpaka simu ikakatika.

Kwa hiyo ulijua. Nataka hilo likae hapa peke yake.

Aprili 2024 nilipokuja kumuuguza Baba, yeye ndiye aliyetaka habari hizo. Unakumbuka alivyokuwa analala pale barazani, redio kifuani. Aliniomba nimsimulie tena ile habari ya ukungu, nami nikamsimulia. Huku kipindi cha mavuno ukungu unapanda kutoka mtoni asubuhi, mchana jua linawaka, na juu ya zabibu inaota kuvu ya kijivu. Kuvu inatoboa ganda, maji yanakauka, sukari inabaki imejikusanya. Wachumaji wanapita mstari mmoja mara tatu, mara nne, kwa majuma kadhaa, wanachukua zile tu zilizooza vizuri. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe kuna kuoza vizuri!" Halafu akanyamaza, akasema, "Kama ule mwaka wa pipa."

Pipa la bluu! Mwaka ambao mnunuzi hakuja, vichala vikabaki kwenye waya mpaka vikanyauka kama zabibu za pilau. Mama akasema wapewe mbuzi. Baba akanawa miguu akazikanyaga mwenyewe. Tulikunywa kwa kikombe cha bati nyuma ya zizi, mimi na wewe, ukatapikia viatu vyangu vya shule, na nilivivaa hivyo hivyo Jumatatu. Sijawahi kukusema. Nilimwambia Baba kwamba alichotengeneza ndicho hiki hiki wanachouza ghali huku, ila sisi hatukuwa na pango. Chini ya nyumba hii kuna pango lililochongwa kwenye jiwe la chokaa, joto lake halivuki sana nyuzi 12 kiangazi na kipupwe, na kuna chupa za 1947 zingali zinanyweka. Sisi tulikuwa na pipa na jua la Dodoma. Wiki ya tatu ilikuwa siki.

Baba akasema, leteni hizo pembe.

Nani alikwenda machinjioni? Wewe, kwa pikipiki, ukarudi na kiroba mgongoni. Nilisisitiza ziwe za ng'ombe jike, ukanitania kwamba pembe haivai sketi. Tukazihesabu juu ya turubai: kumi na mbili. Tulizifukia mwisho wa mstari wa nne, karibu na mbuyu, mimi nachimba, wewe umeshika tochi. Ilikuwa jioni kwa sababu mchana ardhi ilikuwa ya moto na Baba alikuwa anataka kulishwa. Hakukuwa na sababu nyingine. Nimeulizwa sana kuhusu jioni ile.

Julai Baba akafariki.

Usiku wa pili wa matanga nilisema niliyosema. Nilisema mtoto wa kike naye ana fungu lake kwenye shamba. Nilisema pia kwamba utaliuza kabla udongo wa kaburi haujakauka. Hilo la pili sikupaswa kulisema, na mbele ya wajomba. La kwanza nalirudia hapa hapa.

Asubuhi yake watu walikuwa wanakunywa uji. Mwanao mdogo alikuwa amelala mapajani kwangu, kikombe changu nimekiweka chini ili nisimwamshe. Ukaja kutoka shambani na karai kichwani, jambo ambalo wewe hulifanyi hata siku moja, wewe huwa unatuma vijana. Ukalimwaga katikati ya uwanja. Zikatoka na udongo wake mwekundu, moja ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mchungaji, naye akauvuta mguu. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, walikuwepo wazee wa kanisa. Ukasema kwa sauti ya upole kabisa: "Haya, mdogo wangu. Waeleze watu hizi ni nini."

Nami nikaeleza. Sijui kwa nini sikunyamaza. Ningesema ni samadi, nikaishia hapo, pengine wangecheka. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele za watu na nimesoma, basi nikajibu kama mtu aliyesoma. Nikaanza na mwezi. Siku ya tatu ya msiba, kaka, nawaambia wazee wa Kigogo kwamba mashamba ya huku yanafuata mwezi, kwamba pembe inakusanya nguvu za ardhi. Kila nilipoongeza neno ndivyo nilivyozidi kuzama. Mzee mmoja akasema, taratibu tu, "Hata kwetu pembe zina wenyewe." Wifi akaja akamwinua mtoto kwa mkono mmoja, bila kunitazama. Mtoto akaamka akalia, anataka kurudi.

Nikakutazama wewe. Ulikuwa unalitazama karai. Neno moja lingetosha: nilizileta mimi.

Wala sisemi kwamba pembe ni muujiza. Niliporudi huku mwezi ule ule nilikuta ugonjwa huu huu wa picha yako. Mvua za 2024 hazikukatika. Ukipiga mrututu leo, kesho mvua imeuosha, na mrututu wenyewe una kikomo: sheria ya Ulaya inaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7. Majirani wenye dawa za kuingia ndani ya mmea walilala usingizi wao. Baba mkwe alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kutafuta saa mbili tu za ukavu. Mvinyo mtamu mwaka ule hatukupata hata chupa. Mume wangu mambo ya mwezi hayaamini sana. Anachosema ni kwamba mtu wa pembe na majani ya kukoroga anapita kila mstari mara nyingi kuliko jirani yake, ndiyo maana anaona doa la kwanza. Wewe doa la kwanza hukuliona. Umeniletea la mia.

Nisamehe, hapo nimepitiliza.

Shangazi anasema unataka kung'oa mistari minne uweke zabibu nyekundu za aina ya Makutupora, ndizo mnunuzi anazozitaka. Sikulaumu. Anayelipwa kwa kilo hawezi kuambiwa subiri, na mimi ninayelipwa kwa chupa ni rahisi kukuambia subiri. Tena wewe unavuna mara mbili kwa mwaka. Sisi ni mara moja, na baridi ya Aprili ikipiga machipukizi usiku mmoja, mwaka umekwisha. Fanya hesabu zako. Ila mzabibu mweupe una uchachu unaoubeba utamu, ndiyo siri ya zile chupa za 1947, na Baba aliujua bila kuambiwa na mtu. Ukiung'oa, ung'oe ukijua. Mimi nilitaka tu mistari ile minne ilimwe kama alivyotaka mwenyewe. Sikutaka shamba lote. Usiku ule ungeniuliza, ningekuambia.

Jambo moja zaidi. Zile za kwenye karai zilikuwa tisa. Nilizihesabu wakati wifi anamchukua mtoto, kwa kuwa sikuwa na pa kuyaweka macho. Tulifukia kumi na mbili na tochi uliishika wewe. Sijui uliziacha au hukuzifikia. Tatu ziko upande wa mbuyu, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Samadi yake sasa itakuwa udongo mtupu, haifai kwa kazi yoyote.

Nenda kaangalie kama zipo. Ukizikuta, nitumie picha.