Barua ya Wazi kwa Wahitimu Waliosomeshwa kwa Mkopo wa Serikali

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi mliosomeshwa kwa mkopo wa serikali yetu ya Uganda, hasa ambao muda wa kulipa umefika na hamjaanza, au mlianza kisha mkaacha kimyakimya. Mpango huu uliwekwa na sheria ya mwaka 2014, na tangu mwanzo fedha zake zilikusudiwa kuzunguka, yaani marejesho ya aliyehitimu yamlipie ada anayeingia chuoni. Kila anayeacha kulipa anamfungia mlango kijana wa Arua au Bundibugyo aliyefaulu sayansi na ambaye mzazi wake hana tena cha kuuza.

Majirani zetu wa Kenya walipitia hayo kabla yetu. Mikopo yao ya chuo kikuu iliyoanza miaka ya 1970 ilichukuliwa na wengi kuwa zawadi ya serikali, marejesho yakawa haba mno, hata mwaka 1995 ikabidi iundwe bodi yenye nguvu ya kisheria ya kuwafuatilia wadaiwa.

Najua kazi hazipatikani kwa urahisi, na simlaumu asiye na kitu. Baada ya masomo mlipewa mwaka mmoja wa kujipanga, na aliyeajiriwa rasmi hukatwa mshahara na mwajiri wake. Wasiwasi wangu ni kwa yule anayejitafutia mwenyewe, mwenye duka la dawa au anayefundisha kwa malipo ya mkononi, ambaye hakuna wa kumkata na kila mwezi hujiambia kwamba ataanza ujao.

Linaloniuma zaidi ni wadhamini. Fomu zenu zilitiwa sahihi na wajomba, mashangazi na walimu wenu, nao walifanya hivyo kwa sababu waliwaamini. Mjomba mwenye kibanda sokoni atatoa wapi ada ya uhandisi atakapodaiwa kwa niaba yako, ilhali wewe umebadilisha namba ya simu?

Kwa hiyo, mwenye kipato, hata kidogo, aanze mwezi huu na atunze risiti zake. Anayekatwa mshahara aulize mara kwa mara kama makato yake yanafika. Asiye na kazi aandike barua, aeleze hali yake kwa ukweli na aombe apangiwe kiasi anachokiweza, kisha amjulishe mdhamini wake. Ambaye barua hiyo itamshinda aje kwangu na karatasi zake Ijumaa yoyote baada ya swala, tuiandike pamoja.

Mzee wenu,
Bombo