Biashara ndogo Pemba zipimwe kwa msimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nichangie mjadala wa biashara ndogo ndogo zinazowafaa vijana wetu, khasa wa huku Pemba. Semina nyingi hutaja mtaji na faida ya kila biashara, lakini hazisemi pesa itakaa wapi na kwa muda gani kabla ya kurudi mkononi, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloamua nani atafika mwaka wa pili.

Duka la rejareja ndilo wazo la kwanza la karibu kila mwenye akiba. Mchele, sukari na unga wa ngano havilali, na mwenye duka aliyekwisha kuaminika hupata mali kauli kwa wauzaji wa jumla wa Chake Chake au Wete. Tatizo ni daftari la madeni. Pesa za Pemba hutembea na karafuu, na mavuno ya karafuu hayawi sawa kila mwaka. Msimu ukiwa mzuri watu hulipa, ukiwa mbaya shehia nzima hukopa kwa ahadi ya msimu ujao, ilhali muuzaji wa jumla hasubiri. Mwenye duka akikataa kukopesha ataitwa bakhili, na akikubali, rafu zitabaki na viberiti na chumvi.

Kuku wa nyama husifiwa kwa kufika sokoni katika wiki tano au sita, na sifa hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, gharama yao kubwa ni chakula, ambacho kwa sehemu kubwa huvuka bahari kutoka Tanzania Bara, na chombo kikichelewa kuku hawaachi kula. Wakishakomaa, kila siku ya kumngoja mnunuzi ni hasara, na mfugaji asiye na friza huuza kwa bei anayotajiwa.

Bodaboda sitaijadili sana. Huleta pesa kila siku, lakini vijana wengi huendesha chombo cha mtu mwengine, na hiyo naiona ni ajira zaidi kuliko biashara.

Kinachonishughulisha zaidi ni mwani. Kilimo chake cha kibiashara kilianza visiwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wake wengi ni wanawake, mtaji wake ni vigingi, kamba na mbegu, na huvunwa baada ya wiki sita hivi. Wanaoudharau kwa sababu ya bei ndogo ya aina ya mwani iitwayo spinosum hawakosei. Aina nyengine, kotonii, yenye bei nzuri, hufa bahari ikipata joto, na bei ya aina zote mbili hutajwa na mnunuzi. Lakini kazi ya shamba la mwani hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na siku za maji mafu, yasipokupwa sana, mkulima ana nafasi ya kufanya jambo jengine. Mtaani kwetu yupo mama ambaye maji mafu yakiingia huonekana alfajiri na kikaango cha vitumbua nje ya nyumba yake. Mchele ameuroweka tangu jana, na watoto wanapokwenda skuli sinia limekwisha na pesa imerudi. Faida ya kitumbua kimoja ni ndogo mno, lakini ndiyo inayoilisha nyumba mpaka mwani ukauke na kupimwa. Mimi ningemshauri kijana aanze na kazi mbili ndogo zinazopokezana namna hii, kabla ya kukopa kwa ajili ya moja kubwa.

Ndiyo maana nawaomba wanaokopesha vikundi wasimtake mkulima wa mwani aanze marejesho wakati zao lake lingali baharini, wala wasimtoze mwenye duka wa kijiji cha karafuu kiwango kile kile wakati wa mavuno na wakati mikarafuu haina kitu. Ratiba ya marejesho inaweza kupangwa kwa kufuata msimu, na maafisa wa wilaya wanaijua misimu hiyo vizuri kuliko mimi.

Msomaji wako,
Mkaazi wa Wete, Pemba