Msitu wa kambi ya kanisa: kamba kwanza, chensoo baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Ukiona ndefu sana ipunguzie tu ila usiikate yote, na hapo ndo penye hoja yangu: msitu nao upunguzwe, usikatwe wote.

Mimi ni bwana miti mstaafu, naishi Mufindi, nimeitumikia misitu zaidi ya miaka thelathini na magoti yangu ni mashahidi. Kanisa langu lina kambi ya vijana yenye eneo la ekari 30 hivi. Kanisa silitaji na kambi siitaji, maana sijaandika kumchafua mtu, halafu nikisikia yanayosimuliwa Kilolo, Njombe mpaka Makete naona stori ni ile ile majina tu yanabadilika. Kati ya hizo ekari, 20 ni paina, 6 ni milingoti iliyopandwa kando ya barabara, na zilizobaki ni bonde lenye chemchemi na miti ya asili. Paina ina miaka 14 sasa. Walioipanda ni vijana wa kipaimara wa miaka ile, wengine leo ni wazee wa kanisa, na mmoja ndo yuko kwenye kamati inayotaka kuiuza.

Sasa mwaka jana akaja mnunuzi. Akazunguka na Baba Mchungaji nusu saa hivi, viatu havikupata hata vumbi, akasema milioni 15 kwa paina yote, keshi, na ding dong ya kupasulia mbao anakuja nayo mwenyewe, nyie mkae tu mpokee hela. Kamati ikafurahi kweli kweli kwa sababu kuna bwalo la kujenga, watoto wanakula uji nje kwenye baridi ya Juni na baridi ya Juni ya Mufindi haiulizi nani kaokoka. Kwahiyo siwalaumu. Mimi nikauliza swali moja tu kwenye kikao, jamani miti iko mingapi? Kimya. Mwenyekiti akasema Bwana Yesu asifiwe, tukaitikia amina, ajenda ikasonga mbele.

Mhariri hili ndo linaniuma. Huku kwetu mtu akiuza mbuzi atamshika mgongo, atambeba kumpima uzito, atamwangalia meno, lakini msitu uliolelewa miaka 14 unauzwa kwa macho, tena macho ya mnunuzi! Ukiwa hujahesabu wewe ujue mwenzio kashahesabu, alihesabu akiwa anatembea na Mchungaji huku anaitikia "kabisa baba, kabisa".

Nikachukua vijana wanne wa kambi na kamba. Kupima msitu sio uchawi na hakuhitaji komputa. Unakata kamba yenye urefu wa mita 11 na sentimita 28, mmoja anasimama katikati ameshika ncha, mwingine anazunguka nayo ikiwa imevutwa, hilo duara ni mita za mraba 400, maana yake maduara 25 yanafanya hekta moja. Unahesabu kila mti ulio ndani. Halafu kila mti unaupima mzunguko kwa tepu ya fundi cherehani, kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini, unagawa kwa 3.14 unapata unene. Tulipiga maduara kumi sehemu tofauti, juu, chini, katikati, sio kuchagua pale penye miti mizuri (hapo ndo vijana hujidanganya, wanapenda kusimama penye miti minene). Wastani ukatoka miti 36 kwa duara. Zidisha kwa 25 ni miti 900 kwa hekta, na ekari 20 ni kama hekta 8, kwahiyo tuna miti kama 7,200. Nikagawa ile milioni 15 kwenye kalkuleta ya simu mbele yao. Mti mmoja shilingi elfu mbili na themanini hivi. Binti mmoja akasema "babu hiyo si haifiki hata chipsi mayai", nikamwambia kaandike hivyo hivyo kwenye daftari.

Wastani wa unene ulikuwa sentimita 18. Ndo kusema msitu wetu haujawahi kupunguzwa toka upandwe, ulipandwa mita 3 kwa mita 3 ambayo ni miti 1,111 kwa hekta, michache ikafa yenyewe, mingine iliondoka usiku kwa miguu ya watu, na iliyobaki imebanana inashindana kwenda juu kutafuta jua, mirefu myembamba kama wanafunzi wa bweni. Mti wa hivyo ukiukata leo unatoa mbao za vipimo vidogo na makapi mengi. Paina huku kwetu ikilelewa vizuri ni ya kuvunwa ikiwa na miaka 18 kwenda 25, na faida kubwa iko kwenye ile miaka ya mwisho ambayo watu wanaikimbia. Chukua mti wenye unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 15, una ujazo kama wa mita za ujazo 0.21, yaani zile kyubiki mita. Sasa mti wa sentimita 30 na mita 20 una kama 0.64. Umeongeza sentimita kumi tu za unene na mita tano za urefu, mzigo umekuwa mara tatu! Na bei ya gogo nene sio ya gogo jembamba, fundi yeyote wa mbao Mafinga atakwambia.

Kwahiyo pendekezo langu kwa kamati lilikuwa tupunguzie. Kila duara tutoe miti 10 sasa, ile iliyopinda, iliyogawanyika mara mbili, iliyobanwa na wenzake, iliyokauka kichwa. Hiyo peke yake ni kama miti 2,000 kwa eneo zima, inauzika kama mirunda, mbao ndogo na kuni. Baada ya miaka mitatu minne tutoe mingine 6, zibaki 20 kwa duara, ambazo ni 4,000 jumla, hizo ndo za kulelewa mpaka uzeeni. Kuna mjumbe akasema kama kupunguza ni kuzuri si tutoe yote 16 kwa mpigo tumalize. Hapana ndugu yangu. Miti iliyozoea kubebana ukiifungulia ghafla upepo wa Agosti unakuja kuilaza yote, nimeshaona kwa macho yangu, asubuhi unakuta shamba limelala upande mmoja kama majani ya mpunga. Mti unahitaji muda wa kunenepa shina na kushika mizizi.

Alafu upande wa pili wa kikao wapo wasiotaka mti wowote uguswe. Hawa nao nawaheshimu sana, kuna mama zetu pale wamelia kabisa, mmoja marehemu mumewe ndo aliotesha ile miche kitaluni. Kijana mmoja akatuonyesha video ya misitu ya makanisa ya Ethiopia, yale ya Orthodox kule kaskazini, ukiangalia kutoka juu unaona mashamba makavu ya rangi ya udongo halafu katikati kiduara cha kijani na paa la kanisa ndani yake. Ni kweli na inapendeza, kule msomi wao Alemayehu Wassie amekuwa akishirikiana na mapadri wajenge kuta za mawe kuzuia ng'ombe wasile miche. Ila tusichanganye mambo. Msitu ule ni masalia ya msitu wa asili, mbegu zake hazipo pengine popote pale jirani, ukiuvuruga umepoteza. Paina yetu asili yake Mexico, imepandwa kwa mistari, ni zao kama mahindi isipokuwa linachelewa, na ukiliacha bila kulihudumia halibaki takatifu, linadhoofika, linajaza matawi makavu, na matawi hayo yako juu ya mahema ya watoto. Mimi usiku wa upepo nikiwa kambini silali.

Kama tunataka Ethiopia yetu tunayo tayari, iko bondeni. Pale kuna mivengi mikubwa, ile miti ya asili ya kwenye maji, na chemchemi inayotoka hata Oktoba, na chini yake majirani wana vinyungu vyao, wanalima mahindi ya kiangazi na mboga. Hapo nakubaliana na akina mama asilimia mia, chensoo isishuke kule kabisa. Hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sasa tulipopima na ile kamba yetu tukakuta kipande cha milingoti kimeingia ndani ya hizo mita 60, na mlingoti unavyokunywa maji kila mtu wa huku anajua. Hiyo ndo ya kung'oa kwanza kabla hata ya paina, ipandwe mivengi badala yake. Majirani wamesema kwa upole miaka yote kwamba kinyungu cha juu kinakauka mapema, sisi tukajibu tutaomba. Kuomba tuombe lakini na visiki tutoe.

Maana jirani akichoka anachoka hata na kanisa. Kule Niassa, Msumbiji, kuna mfuko ulioanzishwa na makanisa ya Sweden na Norway kwa nia njema tu, kupanda paina na milingoti, ukaishia kwenye ugomvi wa ardhi na wanavijiji mpaka mwaka 2011 watu wakaingia shambani kung'oa miti. Wale walikuwa na wataalamu na hela, sisi tuna kamati ya watu saba.

Milingoti mingine iliyobaki kando ya barabara haina shida, ile ukikata inachipua. Ekari zake tungezigawa vipande, kila mwaka tukate kipande kimoja kwa ajili ya kuni za jiko la kambi, kwenye kisiki unaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka mengine unatoa, ukifika kipande cha mwisho kile cha kwanza kimeshakuwa tayari. Sa hivi kambi inanunua kuni kwa lori huku imezungukwa na miti, hili sielewi na nimeacha kujaribu kuelewa.

Na tukija kupanda upya tusirudie paina tupu. Wakubwa wenzangu mnakumbuka misaiprasi ilivyokauka, wale wadudu walionekana Malawi mwaka 1986, kufika 1990 wako Kenya, na kutoka Malawi kwenda Kenya njia inapita wapi kama sio kwetu? Waliokuwa na saipras peke yake walibaki na vijiti.

Moto pia. Chini ya paina yetu sindano, yaani majani yake makavu, zimejaa unene wa kiganja kizima, na kila kambi ya Juni lazima kuwe na moto wa usiku wa mwisho, nyimbo, ushuhuda, cheche zinaruka. Huyu Mungu anatuvumilia. Njia ya moto ifyekwe na kulimwa mwezi huo huo wa sita kabla nyasi hazijakauka vizuri, sio Septemba wakati jirani kashawasha shamba lake. Na matawi ya miti tutakayopunguza yaburutwe mbali na njia, nimekuta sehemu watu wanapunguza miti vizuri kabisa halafu wanaacha matawi yote palepale, hapo umeandaa tanuru.

Kuhusu hela sina mengi. Ukataji usimamiwe na visiki vihesabiwe siku ya kukata, kibali cha kuvuna kipatikane kabla, na mzigo usitoke bila ile hati ya kusafirisha wanayoita TP, halafu mkataba usomwe kwa washarika na sio kuandikwa nyuma ya bahasha ya sadaka. Bwalo litajengwa kwa awamu, msingi mwaka huu kwa hela ya mirunda, kuta baadaye. Yesu mwenyewe alisema anayejenga mnara anakaa kwanza anahesabu gharama, iko kwenye Luka 14, na mwinjilisti wetu ameihubiri mara tatu toka nihamie usharika huu.

Yule mnunuzi karudi wiki iliyopita na bei mpya, milioni 22, bila mtu kumwambia chochote zaidi ya kwamba vijana wamepima. Kamati inakaa Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Kama kuna usharika mwingine wenye msitu na unaitiwa mnunuzi, kamba yangu ipo kwenye ndoo nyuma ya jiko la kambi, ina fundo jekundu kwenye ncha, mje na daftari na tepu yenu maana ya kwangu mke wangu kaidai.

Bwana miti mstaafu,
Mufindi, Iringa