Mama mkwe anataka kumchukua mwanangu, nami ninachokosa ni saa mbili za kunyonyesha

Mhariri, pamoja nanyi wazazi mnaosoma safu hii, shikamooni kwa wakubwa, na rika langu habari za kazi.

Naandika kutoka Kigoma mjini, mtaa wa Gungu. Nina watoto wawili: wa kike ana miaka minne, wa kiume ana miezi minane na bado ananyonya. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni binafsi ya mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Kongo, na Bujumbura, Burundi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, mwalo wake ni Kibirizi. Tunaelewana, na anajua kwamba ninaandika barua hii.

Dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani ameolewa, ameondoka. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi Kasulu, aliposikia hivyo akasema tumpelekee mjukuu wake mkubwa akae naye mpaka afikie umri wa kuanza shule. Amesema kwa upendo, na malezi yake siyatilii shaka hata kidogo, maana mume niliye naye ni yeye aliyemlea. Mume wangu amekubali. Mimi moyo umekataa. Jibu linasubiriwa kwangu.

Kwa msiokaa huku, naomba nieleze maisha yetu yanavyokwenda, kwa sababu ushauri mwingi ninaoupata ni wa watu wa Dar es Salaam na haunikai. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua la Kigoma linachomoza zaidi ya nusu saa baada ya la Dar. Miezi mingine inapita saa moja asubuhi ndipo unaliona. Mimi natakiwa niwe mezani saa moja na nusu. Kwa hiyo natoka nyumbani giza bado lipo, mdogo mgongoni, tochi ya simu mkono mmoja, na mkubwa ameshika pindo la kanga yangu anatembea nusu amelala. Ananiuliza, "Mama, mbona tunaamka usiku?" Jioni nako ni kinyume chake. Saa moja ya usiku nje bado kuna mwanga, watoto wa mtaa wanacheza, na wangu haelewi kwa nini namwita akaoge alale. Akichelewa kulala, kesho yake kumwamsha ni vita.

La pili ni ziwa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Siku hizo mume wangu yuko nyumbani, na kwa kweli anasaidia: anakoroga uji, anampeleka mkubwa chekechea, mimi naondoka na mdogo peke yake. Giza likirudi anatoka saa kumi na moja jioni na kurejea saa tatu asubuhi, hoi, analala mpaka alasiri. Ndiyo maana ratiba ninazoshauriwa kubandika ukutani hazidumu. Ratiba ya mbalamwezi haifai kwenye giza, na giza ndilo lenye siku nyingi.

Chekechea inafunga saa sita mchana. Mama jirani ananishikia mdogo kwa malipo tuliyokubaliana, na saa hiyo humfuata mkubwa chekechea akamchukua. Lakini ameniambia wazi kwamba wa mgongoni anamuweza, wa kukimbia hamuwezi, kwa sababu anakaanga maandazi uani na karai la mafuta ya moto liko chini. Sina la kumjibu. Hata mimi nikiwa kazini nikifikiria karai lile, hesabu zinanipotea.

Kazini ninatakiwa nitoke saa kumi na nusu, ingawa meli au boti ikiwa inapakia naweza kufika saa kumi na mbili. Katikati nakamua maziwa kwenye stoo ya makaratasi, mgongo nimeuegemeza mlangoni asiingie mtu. Kliniki walinielekeza kwamba maziwa yakiwa nje ya jokofu yasikae zaidi ya muda wa saa nne. Ninayomwachia jirani asubuhi yanatosha mpaka kama saa tano. Ninayokamua saa tano hiyo sina jokofu la kuyaweka wala mtu wa kuyapeleka, kwa hiyo nayamwaga. Kumwaga maziwa huku najua mtoto anapewa uji kwa kijiko analia kunaniumiza kuliko uchovu wowote.

Sasa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nimepiga hesabu. Nikipewa saa moja mchana, nachukua bodaboda, namtoa mkubwa chekechea mwenyewe, nafika nyumbani, mdogo ananyonya, mkubwa anakula na kulala chumbani kwa baba yake. Saa ya pili nikiipata mwisho wa siku, nafika kabla baba hajaenda mwaloni, naye akishaamka alasiri anakuwa na binti yake. Karai la jirani linakuwa si habari tena. Safari ya Kasulu inakosa sababu.

Nilimweleza bosi. Akanijibu kwamba saa hizo ni za watumishi wa serikali, na kwamba wenzangu wataona napendelewa. Ninavyoisoma mimi, sheria ile inatuhusu hata sisi wa kampuni binafsi. Lakini mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na unakaribia kuisha. Najua ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ila kuanzia huko naona ni kama kuaga kazi.

Wapo wanaoniambia niache kazi nifungue genge. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Miezi yote ile nyumba yetu ilikula mshahara wangu, na hela ya mama mkwe pia tulituma kutoka humo humo. Kwa hiyo la kuacha kazi naomba msinishauri.

Ninachoomba ni haya. Kwanza, nyinyi mliowahi kudai saa za kunyonyesha kwenye kampuni binafsi, mliandika barua au mlizungumza? Mlipita kwa nani, na mkataba ulipoisha ilikuwaje? Pili, wake wa wavuvi mnaofanya kazi za kuajiriwa, asubuhi za giza mnamwacha nani na mtoto wa chekechea? Na tatu, ambalo linanisumbua zaidi: mama mkwe nimwambie nini ili asione kwamba nimemnyima mjukuu? Nimefikiria kumwomba yeye ndiye aje akae nasi kwa muda, lakini ana shamba la maharage na sijui kama ni adabu mkwe kumwita mkwewe aje amlelee watoto mjini.

Mume wangu amesema tukipata njia ya kueleweka naye atasimama na mimi mbele ya mama yake. Nasubiri majibu yenu.

Mama wa wawili,
Gungu, Kigoma