Kabla ya kumnywesha mgonjwa wa kiharusi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kiharusi ilieleza vyema shinikizo la damu na mazoezi ya viungo, lakini haikugusa kabisa kumeza na kusema, mambo mawili ambayo ndiyo kazi yangu ya kila siku nikiwahudumia wazee.

Kiharusi kinaweza kudhoofisha misuli ya koo hata chakula au kinywaji kikapita njia ya hewa, kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Kinachowashangaza jamaa wengi ni kwamba maji matupu, tunayoyadhania kuwa mepesi kwa mgonjwa, mara nyingi huwa hatari kuliko uji mzito, kwa kuwa huteremka kwa kasi kabla njia ya hewa haijajifunga. Mzee akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa na majimaji baada ya kumeza, apimwe kwanza. Wala asilishwe akiwa amelala chali, hata kama mlishaji ana haraka.

Kuhusu usemi, kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko, kinaweza kumnyima mzee maneno bila kumnyima akili. Anayejibu "ndiyo" akimaanisha "hapana" hajarukwa na akili wala hajarogwa, na kumsemea mbele ya wageni kana kwamba ni mtoto ni kumvunjia heshima.

Shahada ya tiba ya usemi ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, lakini wataalamu tungali wachache mno. Naomba hospitali za kaunti ziwafunze wauguzi wa wodi kupima kumeza kabla mgonjwa hajapewa chai ya kwanza.

Mtaalamu wa tiba ya usemi,
Nakuru